Chupa ya Mondeuse

Kwa miaka ishirini na mbili mhudumu mmoja alikuwa akiwasifia wageni wa hoteli mvinyo asioujali. Mchana mmoja, miguu ikimwaka moto, alionja mvinyo mwekundu wa zabibu za Kifaransa ziitwazo mondeuse. Ulikuwa na ukali wa pilipili manga, akaupenda.

“Waambie wageni ni merlot, mvinyo waliouzoea,” meneja akasema. “Hiyo nyingine nani anaijua, mzee wangu?”

“Mimi, tangu saa nane.”

“Isipotoka leo, inakwenda jikoni kupikia nyama.”

Uongo wa namna hiyo alishausema sana, na sasa alikuwa ameuchoka. Meza mbili aliziambia ukweli, zikaagiza merlot. Kwenye ya tatu mama mmoja akauliza, “Mwenyewe umeuonja?”

“Nimeuonja, mama.”

“Basi nimiminie.”

Akammiminia taratibu, bila kuongeza sifa hata moja.