Usiangukie Mkono

Mara ya kwanza shemeji yangu alipomvunja dada yangu mbavu, alituletea rubisi nzuri sana. Naikumbuka kwa sababu niliinywa. Nilikaa nyuma ya wazee, uani kwetu Mabawe, mrija ukanifikia, nikavuta. Ndizi zilikuwa zimeiva sawasawa na mtama haukuzidi. Ndani, dada yangu alikuwa amelalia ubavu mmoja, maana ule mwingine ulikuwa haulaliki.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mwanamke akipigwa kupita kiasi hurudi kwao. Wiki mbili tatu zikipita, mume huja na mzee wa kumsemea na kibuyu cha hiyo pombe ya ndizi, hukaa chini, hukiri kosa, wazee huvuta mirija, kisha mke huitwa aulizwe kama amesamehe. Mpaka wakati ule sikuwa nimesikia hata mmoja aliyejibu hapana. "Kupita kiasi" ni maneno ya wazee. Kiasi chenyewe kinaishia wapi, sikuwahi kuambiwa.

Mara ya pili ilikuwa jicho. Shemeji alitumia mpini wa jembe, shambani kwao Bisibo, mbele ya watoto, kisa eti mistari ya mahindi imepinda. Dada alifika Mabawe jicho limevimba likafumba na damu imekaukia kwenye kitenge. Alimwamkia baba shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapitiliza jikoni kumsaidia mama kumenya ndizi. Nilisimama mlangoni nikimwangalia anamenya kwa jicho moja. Nilijua kwamba mara ya tatu hatutaletewa kibuyu, tutaletewa maiti. Hapo ndipo nilipoamua kujifunza kupigana.

Kusema kweli nilikuwa mwoga. Nilikuwa fundi wa kuchomelea mageti Biharamulo mjini, nondo nabeba begani kutwa, mwili ninao, lakini tangu shule ya msingi nilikuwa mtu wa kukimbia. Sikujua hata mtu anaanzia wapi. Nilianza na simu. Nilitazama video za watu wanaoruka hewani na kupiga teke kwa kisigino, na siku moja, mafundi wenzangu wakiwa wameenda kula, nikajaribu kulipiga teke geti la mteja. Nilianguka chali juu ya vipande vya bati na geti halikutikisika. Nikaona bora nitafute mwalimu mwenye miguu na mikono.

Wa kwanza alikuwa wa karate. Alitoka katika familia ya wafanyabiashara waliokuja zamani kutoka Pwani, wana duka la vitambaa pale mjini, na baada ya sala ya alasiri alifundisha uani nyuma ya duka. Alinikaribisha kwa kahawa na tende, akaniuliza habari za wazazi, za kazi, za afya. Nikamuuliza itachukua muda gani mpaka niweze kumwangusha mtu mzima.

"Ndugu yangu, mwaka wa kwanza utajifunza kusimama," alisema kwa upole. "Na kabla hujajifunza kupiga utaapa hapa, mbele ya wenzio, kwamba hutampiga mtu kwa hasira."

Nilimshukuru kwa kahawa. Mwaka mzima wa kusimama! Ninasimama tangu utotoni, na hasira ndiyo pekee niliyokuwa nayo.

Wa pili nilimpata Murukulazo, nilipokwenda nyumbani kwa mapumziko. Alikuwa mkulima, wazazi wake walikuja wakikimbia vita ya Burundi, na judo alifundishwa na padri akiwa kijana. Sasa aliwafundisha vijana wa jirani kwenye turubai lililoshonwa na kujazwa majani makavu ya migomba. Nilivua viatu nikitegemea kuonyeshwa jinsi ya kumbeba mtu na kumbwaga. Jioni nzima alinibwaga mimi.

"Kidevu kifuani, mwana wanje," aliniambia, yaani mwanangu, na kabla sijaelewa nilikuwa nimelala naangalia mawingu. "Pinda mgongo. Bega ritangurie, kiganja kipige chini pamoja nalo. Usirete mkono mbere kuzuia. Ukiangukia mkono utavunjika."

Nilileta mkono. Kila mara nilileta mkono, na kila mara alitikisa kichwa na kunibwaga upya. Mwishoni nilimuuliza kupiga kunaanza lini. Alicheka, akasema kwanza miezi mitatu ya kuanguka. Nilivaa viatu nikaondoka bila kuaga vizuri, jambo ambalo hata leo linanitia aibu. Nimekuja kujifunza kuangusha, mzee ananifundisha kuangushwa!

Wa tatu alikuwa wa ngumi, na huyo ndiye niliyemchagua. Alikuwa mchinjaji. Asubuhi alikuwa machinjioni, jioni katika ghala bovu la mahindi, ambamo alitundika magunia yaliyojazwa vumbi la mbao. Mikono yake ilinuka damu hata baada ya kunawa. Aliniangalia juu mpaka chini.

"Unataka kumpiga nani?"

"Hakuna, mwalimu. Mazoezi tu."

"Wote mnaokuja hapa mna mtu kichwani," alisema. "Haya, funga mikono."

Siku ile ile alinipambanisha na kijana mwembamba niliyemdharau. Ngumi yake ya kwanza ilinikuta puani, nikasikia ladha ya chuma mdomoni. Ya pili ilizima sauti sikio la kushoto. Nilipiga magoti, nikatapika ugali wa mchana, na mwalimu akasema, "Inuka, bado dakika moja." Niliinuka. Sitaki kudanganya: nilifurahi. Pua inachuruzika, nafurahi, kwa sababu nilikuwa nimepigwa na sijafa, na kwa sababu nilijua kwamba hiki nilichotendewa mimi, karibuni nitamtendea mwingine.

Miezi minane nilipigana kila jioni. Nilivunja jino la mtu, nikavunjwa kidole. Gunia moja nililipasua mshono kwa ngumi ya kushoto ya kuzunguka, ile inayotoka nyonga na kumkuta mtu kwenye taya asiione. Kila nilipoipiga niliona taya la shemeji. Mwalimu aliniambia mara nyingi kwamba ngumi mwisho wake ni pale kwenye kamba za ulingo, nikawa naitikia ndiyo mwalimu, huku akili iko Bisibo.

Mara ya tatu ilikuwa shingo. Nilipigiwa simu nikapanda gari la asubuhi kwenda kwetu Ngara. Dada alikuwa hai, nashukuru, lakini sauti haitoki, na shingoni kulikuwa na alama za vidole, vinne upande huu na kimoja upande ule. Watoto walikuwa wamebaki kwa baba yao. Niliomba ruhusa kazini, nikangoja kibuyu kije.

Kilikuja Jumamosi asubuhi. Shemeji alikaa chini ya ukuta na mzee wake wa kumsemea, kichwa kimeinama, kofia mapajani. Baba na wazee wengine wawili walikuwa kwenye viti. Dada alisimama mlangoni akiwa na kanga shingoni. Baba akauliza kama desturi inavyotaka, "Haya, mkwe, umemkosea nini mwenzako?"

"Nilimkaba kidogo," alisema shemeji.

Kidogo. Nilivuka ua sijui kwa hatua ngapi. Alipoinua uso nilimpiga ya kulia kwenye pua nikaisikia ikivunjika. Alijaribu kusimama, nikampiga tumboni, akajikunja, nikampiga sikio. Kibuyu kilipinduka, rubisi ikamwagikia miguu ya wazee. Kila mtu alikuwa anapiga kelele na mimi sikusikia neno. Nilimwinua kwa ukosi wa shati nikamwegemeza ukutani, nikavuta nyonga, nikaiachia ile ya kushoto.

Dada alikuwa ameingia katikati. Sikumwona akija. Ilimkuta yeye kwenye taya.

Naomba nieleze alivyoanguka, kwa sababu hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho. Kidevu kilikwenda kifuani. Mgongo ulipinda. Bega lilitangulia, kiganja kikapiga ardhi pamoja nalo, na kichwa hakikugusa chini kabisa. Akabingirika upande mmoja, akavuta magoti tumboni na kufunika uso kwa viwiko, akingoja pigo linalofuata. Ilikuwa ndiyo namna ile ile ya kuanguka niliyoonyeshwa kwenye turubai la Murukulazo, ila yeye aliifanya vizuri kuliko wanafunzi wote wa yule mzee. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na miaka sita ya ndoa.

Nikapiga magoti kando yake. Nilipomgusa alijikunja zaidi. Alitema jino moja kiganjani, akaliangalia.

Yule mzee wa kumsemea shemeji aliniangalia, kisha akamwangalia baba. "Kumbe na kwenu mnampiga," alisema, si kwa dhihaka, kwa mshangao tu.

Dada aliinuka mwenyewe. Alifunga kanga upya, akamwambia mumewe, aliyekuwa bado anatokwa damu puani, kwa ile sauti yake iliyokwaruza, "Twende. Kama ni kupigwa huku na huku, kule wako watoto wangu." Wakaondoka. Kwa ngumi yangu mwenyewe nilimrudisha dada mikononi mwa mtu yule yule ambaye nilijifunza ngumi miezi minane ili nimtoe kwake.

Baba hakunigombeza. Aliniambia jambo moja tu: "Umempiga mwanamke, unajua kinachopelekwa." Nikaelewa. Wiki ya tatu nilifunga dumu la rubisi kwenye baiskeli nikaenda Bisibo kuomba radhi, mimi niliyeapa, tangu siku ya lile jicho, kutoinywa tena. Njia nzima dumu lilikuwa linachezacheza nyuma yangu na nilitamani nilitupe korongoni.

Shemeji alikuwa amekwenda mnadani. Dada alikuwa anapepeta maharage, mtoto wa miaka mitatu mgongoni, yule mkubwa wa kike anacheza kando. Nilikaa chini kwenye vumbi, nikasema, "Dada, nimekukosea. Nilikupiga."

Aliendelea kupepeta.

"Uliingia katikati kumkinga yeye," nikasema, kwa sababu lilikuwa linanichoma.

"Yeye?" Aliweka ungo chini. "Nilikukinga wewe, mdogo wangu. Ungemuua, ukafungwa. Halafu mimi ningebaki na nani?"

Nililia. Mwanaume mzima, na mabega yale ya ngumi. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema rubisi yangu hanywi. "Ukitaka nikusamehe, nisaidie kubeba." Akaingia ndani akatoka na mfuko wa nguo uliokwisha kufungwa. Ulikuwa umefungwa tangu lini, sikumuuliza. Hakuwa amehitaji bondia. Alihitaji baiskeli na mtu wa kuisukuma.

Dumu tuliliacha kizingitini. Mfuko tuliuning'iniza kwenye usukani, mdogo tukamkalisha kwenye keria, mkubwa akamshika mama yake kitenge. Tulikuwa tumeshaikaribia barabara kubwa tulipokutana na shemeji. Alikuwa anatoka mnadani, fimbo ya kuswagia ng'ombe mkononi, pua yake bado imepinda kwa kazi yangu.

Fimbo ya kwanza ilinipata begani, ya pili sikioni, ya tatu mgongoni. Mikono yangu ilikuwa kwenye baiskeli, na juu ya baiskeli kulikuwa na mtoto anayelia. Ningeiachia angeanguka. Nikashikilia. Ya nne ilipasua ngozi juu ya jicho, damu ikaingia, nikaanza kuona nusu. Dada aliwahi kumnyakua mtoto, baiskeli ikalala, na mikono yangu ikawa huru.

Alikuwa amenikaribia mno, fimbo juu, taya lake lote liko wazi. Nilivuta nyonga. Naye dada alikuwa pembeni yangu na mtoto kifuani, karibu vile vile kama siku ile Mabawe. Nikashusha mikono.

Ya tano ilinipiga nyuma ya magoti. Nilianguka mbele, na nikaleta mkono. Kifundo cha mkono kililia kama ukuni mkavu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi nilivunjika mkono. Nilipogeuka niliona fimbo inapanda tena, na nyuma yake wanaume waliokuwa wanatoka mnadani wakija mbio. Walimshika, wakamnyang'anya fimbo, wakampiga nayo wao, vibaya, mpaka dada akawapigia kelele waache.

Kibuyu kililetwa Mabawe mara mbili baada ya hapo. Mara zote mbili dada aliitwa, akatoka, akaulizwa mbele ya wazee kama amesamehe, na mara zote mbili akajibu hapana. Leo anaishi Biharamulo, nyumba ya pili kutoka kwangu. Ghalani kwa mchinjaji sijarudi. Watu wakiniuliza kijana wao aanze na mchezo gani, nawaelekeza Murukulazo, kwenye turubai la majani ya migomba.

Lakini siku ile barabarani bado nilikuwa chini, nimeubana mkono kifuani, nalalamika. Dada alichuchumaa, akanifuta damu jichoni kwa pindo la kanga, akakiangalia kifundo kilivyovimba.

"Umeangukia mkono," alisema. "Hukujifunza kuanguka kule mjini?"

"Murukulazo palikuwa na mzee anafundisha. Nilimkimbia."

Alicheka, pengo nililolitengeneza mimi likaonekana lote. "Si ungeniuliza mimi," akasema. "Ningekufundisha bure."