Kufuli la Chumba cha Cherehani

Bi Sindano, fundi wa sare kiwandani, hakuzoea kumeza maneno. Msimamizi alikuwa akiwafungia yeye na mafundi wenzake kwa kufuli tangu asubuhi mpaka mchana, eti vitambaa visiibwe. Siku ile fundi mmoja mjamzito aliomba kwenda msalani, akanyimwa, akajilowesha mbele za watu. Bi Sindano akavua koti lake akamfunika, kisha akazima cherehani.

"Kulikoni tena, mama?" msimamizi akauliza.

"Fungua mlango, mwanangu. Kanisani unakaa benchi la mbele, unaambiwa mtu ni sura ya Mungu. Au sura hiyo haina kibofu?"

Mafundi wakacheka huku wameziba midomo.

"Haya, wewe nitakufungulia. Wewe tu."

"Mimi sijabanwa! Toa kufuli, kila mwenye haja atoke bila kukupigia magoti."

"Nitakufukuza!"

"Nifukuze. Hata ukinifukuza, itabidi ufungue mlango nitoke."

Cherehani zikazimwa moja baada ya nyingine, chumba kikawa kimya. Msimamizi akatazama rundo la sare ambazo hazijaisha, akafungua kufuli, akalitia mfukoni. Bi Sindano akamshika mjamzito mkono, wakatangulia kutoka.