Mtu Aliyeogopa Mabaki ya Programu

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukitoka kanisani, jirani alinivuta kando akaniambia kwamba yule bwana wa kompyuta ametutoka. Moyo ulimsimama akiwa anafunga kamba za viatu. Wengi wenu hamkumjua. Alirudi Kisumu kutoka masomoni miaka ya themanini ikielekea ukingoni, akafungua ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, akawa anawaandikia programu wenye maghala, shule na wauzaji wa samaki. Wakati huo alikuwa mcheshi, mwepesi wa kujisifu. "Mashine yangu haisahau," alikuwa akituambia, nasi tukaamini kwamba kutosahau ni sifa.

Hospitali moja, ambayo sitaitaja, ilimpa kazi ya chumba cha maiti. Mwili ulipoandaliwa kuchukuliwa, kompyuta iliweka namba ya droo katika faili la muda, ikachapa lebo, kisha ikalifuta faili hilo. Jioni moja, lebo ya mzee mmoja wa Sondu ilipokuwa ikiandaliwa, stima ilipotea. Programu ikafa, faili likabaki. Asubuhi kompyuta ilipowashwa, iliikuta namba ile ikaichukua kana kwamba ni ya kazi mpya, ikaichapa chini ya jina la kijana mvuvi aliyezama ziwani. Kwa kuwa maji yalikuwa yamemharibu, ndugu zake walishauriwa wasimfunue. Wakaiamini lebo, wakapigilia jeneza misumari, wakaenda nalo kwao Luanda Kotieno. Kesho yake watu wa Sondu walikuja kumchukua baba yao, wakakuta droo tupu.

Rafiki yangu aliniita. Nilimkuta mbele ya kompyuta, ameliona faili. Kulifuta kulichukua muda wa kupiga chafya. "Twende wote, Bwana," akaniomba. "Mimi siwezi kuingia boma la yule mvuvi peke yangu." Tulifika na gari la hospitali wakati wachimbaji wakimalizia kaburi. Mama wa kijana alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya jeneza. Rafiki yangu akapiga magoti.

"Mama, huyu si mtoto wako. Kosa ni langu. Stima ilipotea, mashine ikachanganya."

Mama alilitazama jeneza. "Sasa huyu nimelilia usiku yote ni nani?"

"Ni baba wa watu wa Sondu."

Vijana walimfokea, wengine wakaanza kulinyanyua jeneza kwa hasira. Mama akawazuia. "Ngojeni. Huyu hajafukuzwa. Wacha niage yeye." Akaweka kiganja juu ya mbao, akasema maneno machache ya Kiluo kwa sauti ya chini, kama anayemsindikiza mgeni hadi langoni. Kisha akamgeukia rafiki yangu. "Na mtoto yangu? Amelala na nani huko?"

Rafiki yangu akainuka, akaenda kufungua mlango wa gari.

Kijana aliletwa siku hiyohiyo, akazikwa kwao. Lakini swali lile halikuzikwa. Rafiki yangu aliiandika programu upya: kabla ya lolote, itafute mabaki ya kazi iliyokatika na kuyafuta; ikikwama, ijisafishe kabla ya kufa; na ikiwa na shaka, isimame imwite mtu. Tangu hapo, kila alipokabidhi kazi, aling'oa waya ukutani mbele ya mteja, akauchomeka, akaung'oa tena, ili aone kilichobaki. Wateja walimcheka, wengine wakamhama. Mwaka jana tulikuwa soko la Otonglo tukinunua nyanya, akakatiza maneno, nyanya mkononi. "Unadhani yule kijana alisikia kwamba ndugu zake wameondoka bila yeye?" Muuzaji alidhani anaulizwa bei.

Siku hizi kompyuta zimejaa mjini, na kila mwenye nayo hutuonyesha jinsi inavyofanya kazi siku ambayo kila kitu kiko sawa. Ndivyo tunavyofungua viwanda, ndivyo tunavyoanzisha vyama na miradi: kwa keki na hotuba. Ni wachache wanaouliza kitatokea nini kitu kikifa katikati, na ni nani atakayeachiwa vipande. Mimi nimejifunza kwamba uaminifu wa fundi hupimwa siku kazi yake inapoanguka yeye mwenyewe hayupo. Mabaki yetu hayapotei kwa sababu tumeondoka. Hukaa kimya pale tulipoyaacha, mpaka mtu asiyetujua aje ayapokee akidhani ni mwanawe.