Orodha ya Zamu kwa Majirani

Nilikuwa dereva wa kombaini katika mashamba ya ngano ya serikali, kule chini kwenye tambarare za Hanang. Wafanyakazi walipopunguzwa, majina ya walioachishwa yalibandikwa kwenye ubao wa ofisi. Niliyasoma mara tatu, na langu lilikuwepo. Hata hivyo kesho yake nilivaa ovaroli nikasimama barabarani kungoja lori. Dereva alinitazama, nami nikamtazama, mpaka akaondoa gari. Sikuwa mkaidi. Nilikuwa nimeisoma habari, ila ilikuwa bado haijaniingia.

Nikarudi kijijini kwetu Gitting, kwenye ekari mbili za marehemu baba. Miaka yote niliyokaa kwenye kambi ya wafanyakazi, mke wangu ndiye aliyezilima. Mvua ilikuwa imeshaanza. Tusipolima ndani ya wiki mbili tusingepanda mahindi, na bila mahindi sikujua watoto wangekula nini.

Kwetu shamba hulimwa na watu wengi kwa siku moja. Mwenye shamba anaalika majirani, anaandaa makande na togwa, nao wanakuja na majembe yao. Siku nyingine anakwenda yeye kwao. Hilo nililijua tangu utotoni. Ila nilikuwa mtoto wakati huo. Sikuwahi kuona mwaliko unavyoanza.

Basi nikachukua karatasi, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika kaya kumi na nne. Kundi la kwanza Jumanne saa moja hadi saa nne, kundi la pili saa nne hadi saa saba. Nikaibandika ukutani kwenye mashine ya kusaga, nikamwambia mke wangu nimeshaalika watu. Siku ile nililala vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi nilidhani najua ninachofanya.

Jumanne mke wangu akapika sufuria kubwa. Hakuja mtu. Saa tatu akapita mama jirani na ndoo kichwani.

"Bwana meneja," alisema, "wafanyakazi wako wamegoma?"

"Wamegoma nini?" mke wangu akauliza.

Jirani akamweleza habari za karatasi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Haikusomeka?" nikauliza.

"Imesomeka sana. Watoto wameikariri. Lakini baba, mtu haitwi ukutani. Anafuatwa kwake," jirani akajibu.

Kama na wewe umerudi nyumbani bila kazi na hujui pa kuanzia, usijione mjinga. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye shamba la baba yangu mzazi, na nilihitaji kuelekezwa kama mgeni.

Nikaenda kwa mzee wa nyumba ya kwanza. Alikuwa akikaza jembe kwenye mpini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Alinipa kigoda, akauliza habari za watoto, za ng'ombe, za ngano. Nikamweleza shida yangu.

"Mke wako tunamjua," akasema. "Amelima hapa kila mwaka, na mtoto mgongoni. Jembe lako sijawahi kuliona."

"Nilikuwa kazini, baba."

"Najua. Na sasa?"

Swali hilo nilikuwa nikijiuliza kila asubuhi. Nikasema, "Sasa nipo."

"Haya. Kesho tunalima kwa binti yangu. Njoo mapema."

"Na kwangu?"

"Kwako tutaona."

Nikaenda. Kufika saa nne viganja vilikuwa vimechubuka, nami nimeachwa nyuma ya mstari.

"Mpeni dizeli huyo," alisema yule mama wa ndoo, na shamba zima likacheka. Nilicheka pia, ingawa sikujua kama wananikaribisha au wananifukuza. Nikalima mashamba manne hivyo, mvua ikiendelea kunyesha juu ya ekari zangu zenye magugu.

Kisha nikapita nyumba zote kumi na nne, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyesema ndiyo. Hakuna aliyekataa.

Asubuhi ya siku niliyowaomba walikuja watatu, baadaye tisa, baadaye sikuweza kuhesabu. Nilisimama pembeni nikitafuta wa kumwelekeza, maana nilidhani hiyo ndiyo kazi ya mwenye shamba. Mzee akanionyesha nafasi kwenye mstari, kati yake na yule mama wa ndoo.

"Hapo," alisema.

Nikaingia. Tulikuwa tumechelewa kidogo. Ekari moja tulipanda mahindi, ya pili ikabidi iwe maharage, yanayowahi kukomaa.