Usiguse Kitu, Mama

Helen Asekon aliwapikia watoto wa shule ya msingi pale Lodwar kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwona akitokwa na machozi ila kwa moshi. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Hawakumjua Helen. Binti yake wa pekee, Apua, alipopata kazi ya uuguzi Ayalandi miaka minne iliyopita, mama alimuuliza swali moja tu, "Utaniacha na nani?" Asubuhi ya safari hakwenda stendi. Alibaki jikoni akikoroga maharagwe, akisema sufuria haiwezi kujikoroga yenyewe. Basi likaondoka.

Tangu siku ile walizungumza kwenye simu kama karani na karani mwenzake. Umeamka? Nimeamka. Mvua imenyesha? Haijanyesha. Simu ya Helen ni ile ndogo ya vibonyezo, haina picha wala nini. Mwaka huu Apua akachoka na sauti tupu, akataka waonane uso kwa uso. Akaagiza kompyuta kuukuu kwa Spéciose, fundi wa Kikongo mwenye kibanda Kakuma, ambaye huuza mashine zilizostaafu ofisini. Spéciose akaileta mwenyewe hadi Lodwar, akaiunganisha na umeme wa sola na mtandao, akaijaribu, ikafanya kazi vizuri.

Maelekezo yalitoka kwa Apua. Kila Jumapili saa kumi mama awashe, asubiri picha itulie, kisha akae. "Halafu usiguse kitu, mama. Nitapiga mimi nikifika nyumbani kutoka kazini." Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Siku mbili baada ya kuletewa, Helen alikuwa amebonyeza huku na huku hadi kioo kizima kikasimama miguu juu kichwa chini, na Spéciose akalazimika kumwelekeza kwa simu nusu saa nzima.

Basi Helen, ambaye hajawahi kumtii mwalimu mkuu hata mmoja, akamtii mwanawe. Jumapili alioga, akavaa kitenge cha kanisani na shanga zake, akawasha mashine, akaketi mikono mapajani. Baada ya muda kioo kikazima. Hilo halikumshtua. Hata simu yake huzima kioo ikikaa, na ikipigwa huwaka. Akangoja iwake. Saa kumi na moja ikapita, saa kumi na mbili ikapita, akachomoa waya ukutani akaenda kuwafungia mbuzi. Jumapili ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Kwenye simu ndogo waliendelea na umeamka na mvua; la Jumapili hakuna aliyelitaja. Kila alipowasha aliona pembeni mwa kioo namba ndogo nyekundu, wiki moja sita, wiki nyingine kumi na moja, akadhani ni mambo ya mashine yenyewe.

Nami sitaficha alichokificha yeye: alimtamani mtoto yule mpaka chakula kikawa hakipandi. Alikuwa ameanza kusahau kidoti cha shavuni mwa Apua kiko upande gani, na kusahau huko kulimuuma kuliko umbali.

Baada ya Jumapili ya nne ujumbe ukaingia kwenye simu yake ndogo. "Nimepiga wiki nne, mama. Kama bado hutaki kuniona, sema tu. Sitakusumbua tena." Helen akausoma mara tatu. Akajibu, "Nilikaa hapo. Hukupiga." Apua hakurudisha neno. Siku nne zikapita kimya.

Siku ya tano Helen akafunga mashine na kioo chake ndani ya shuka, akapanda gari la Kakuma. Hakwenda kutengenezesha kitu. Alikwenda kurudisha.

"Ejok, mama," Spéciose alimpokea, maana salamu ya Kiturkana ameshaizoea.

"Ejok. Chukua hii kitu yako. Kwangu hakuna mtu ya kupigiwa."

"Kwanza nione iko na ugonjwa gani."

Akaiwasha, akaiunganisha na mtandao wa kibandani, akamwagia mgeni chai. Wakaongea habari za joto na za bei ya sukari. Hakuna aliyeigusa mashine. Vikombe vilipofika nusu, kioo kikazima.

"Imepumzika," Helen akasema. "Ikipigiwa itawaka."

Spéciose akaweka kikombe chini. "Nani alikuambia itawaka?"

"Si hata simu iko hivyo?"

"Na siku ya Jumapili unaigusaga?"

"Nilikatazwa."

Spéciose akatoa simu yake mwenyewe, akaipigia ile kompyuta. Simu ikalia mkononi mwake, ikalia, ikalia. Mashine mbele yao ilikaa gizani, taa yake ndogo ikipepesa polepole. Simu ikakatika. Akapiga tena, ikawa vile vile. Helen alitazama simu, akatazama kioo cheusi.

"Haiko na ugonjwa, mama. Inalala. Benye ofisi balipanga hivi, mafuta ya jenereta isiishe bure. Dakika kumi bila kuguswa, inalala, na ikilala haisikie mtu. Kosa ni yangu. Ningeangalia kwanza, mbele ya kukuletea."

Akasukuma kipanya kidogo tu, kioo kikawaka. Akafungua ile namba nyekundu. Simu ishirini na tano zisizopokelewa. Mbili zilikuwa zake za sasa hivi. Nyingine zote zilikuwa na jina la Apua, Jumapili baada ya Jumapili, saa kumi na nusu, saa kumi na dakika arobaini, saa kumi na moja kasorobo.

"Mimi nilikuwa hapo," Helen akasema. "Nilikuwa nimekaa hapo mbele yake." Na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Spéciose akaingia kwenye mpangilio wa kubana umeme, akaweka kwamba mashine isilale kamwe. Akaonya kwamba betri ya sola itachoka mapema na taa ya nyumba huenda ikazima.

"Izime," Helen akasema. Kisha akauliza kitu ambacho hakuwahi kukiuliza kwa miaka minne. "Kumpigia mimi mwenyewe, nabonyeza wapi?"

Akaonyeshwa. Akabonyeza. Apua alipokea akiwa bado na nguo za kazi, macho mekundu ya zamu ya usiku, nywele fupi ambazo mama hakuwahi kuziona.

"Mama? Ni wewe umepiga?"

"Mashine ilikuwa inalala, mtoto yangu. Mimi sikulala."

Apua akafunika mdomo kwa kiganja. "Nilidhani bado una hasira na mimi. Tangu ile siku ya basi."

"Hasira? Hasira yangu iliisha kabla basi yako haijafika hata hapo Lokichar."

"Na mbona hukusema? Miaka minne, mama!"

Helen akasogelea kioo, akakitafuta kile kidoti cha shavuni. Alimtazama tu mwanawe bila kupepesa, na mkono wake wa kulia ukazidi kukisogeza kile kipanya mezani, mbele na nyuma, mbele na nyuma, ingawa Spéciose alikwisha kumwambia mara mbili kwamba sasa mashine haiwezi kulala tena.