Chokaa ya Bibi Lupe

Asubuhi ya Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilitoka nyumbani kwa madam kwenda kutafuta chokaa ya kula. Msinicheke. Wenzangu siku hiyo hulala hadi adhuhuri au huenda ufukweni kupiga picha za kuwatumia nyie huko nyumbani. Mimi nilitoka kwa sababu mama yake madam alikuwa hali chakula.

Ngoja niwaeleze. Madam ni mtu wa Meksiko. Mama yake, Bibi Lupe, aliletwa hapa Dubai baada ya kufiwa na mumewe, akae na bintiye apoe moyo. Mwezi mzima akawa anakunywa chai, anamega tonge mbili, anarudisha sahani. Daktari akasema ikifika Jumatatu yuko hivyo hivyo, atalazwa hospitali alishwe kwa mrija. Madam alimpikia kila chakula cha kwao kwa unga wa pakiti wa dukani. Bibi alinusa tu, akasukuma sahani. Mimi iliniuma kupita kiasi, na sababu naijua. Mama yangu alifia Tanga nikiwa huku huku, na aliyemlisha mara ya mwisho ni jirani yetu, Bi Asha. Tangu siku hiyo sijampigia Bi Asha hata simu moja. Ni aibu, na niseme kweli, ni wivu pia.

Jumatano nilikuwa nimejitia ufundi. Madam aliniambia chapati zao za mahindi, tortiya, hutokana na mahindi makavu yaliyochemshwa na kitu fulani, ila kitu chenyewe hakijui. Yeye alikulia mjini, alizikuta zimeshaiva. Nikasema moyoni, kitu gani zaidi ya magadi? Sisi makande tunayalainisha na nini? Nikatoa magadi yangu ya kutoka nyumbani nikatia, tena bila kupima. Lahaula! Mahindi yaliiva, lakini nilipoyasaga donge halikushikana, na jiko zima likanuka sabuni. Harufu ile ndiyo iliyomtoa Bibi Lupe chumbani. Alionja, akatema kwenye sinki, akanitazama, kisha akacheka. Madam alikuja mbio akidhani mama yake analia. Bibi akanishika mkono hadi ukutani, akakwangua ukuta mweupe kwa ukucha, halafu akaunyoosha ule ukucha kwenye sufuria. Hatuna lugha moja mimi na yeye, lakini hapo nilimwelewa: chokaa.

Basi Ijumaa hiyo, saa mbili asubuhi, nilianzia karibu, hapa Dubai Investments Park, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji alinitolea mfuko mzima ulionifikia kiunoni. Nikamuuliza kama chokaa hiyo inalika. Alinitazama juu hadi chini.

"Sista, hii ya ukuta. Ukila, khalas, umekwisha!"

Nikamshukuru nikaenda zangu kupanda metro. Niliketi behewa la wanawake, kikapu mapajani, nikawaza nitamwambia nini madam nikirudi mikono mitupu.

Deira nilifika jua limeshaanza kuwaka. Kuna duka dogo la vyakula vya kwetu ambako huwa nanunua dagaa, na anayeuza ni Njeri, Mkenya mwenye maneno mengi na roho nzuri. Alinipimia kilo mbili za mahindi meupe. Nilipomtajia chokaa akashika kiuno.

"Chokaa ya nini, mrembo? Unapaka kuta za keja rangi?"

"Ya kula, Njeri. Kuna bibi nyumbani hali chakula, na hicho ndicho anachotaka."

Akaacha mzaha. Akafikiri kidogo, akapiga meza. "Si kuna shosho, mzee Mzanzibari, hapo Al Baraha? Bi Zuhura. Huyo hutafuna tambuu kila saa, na tambuu si huwekwa chokaa? Enda, mwambie ni mimi nimekutuma."

Nilijipiga kofi kwenye paji la uso. Nyanya yangu alikula tambuu maisha yake yote, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpakia chokaa kwenye jani. Nimeizunguka Dubai kutafuta kitu nilichokijua tangu utotoni!

Al Baraha nilikwenda kwa miguu, jasho linanitiririka hadi visiginoni. Jengo ni la zamani, ngazi nyembamba, mlango wa Bi Zuhura umewekwa pazia. Nikapiga hodi.

"Karibu! Nani weye?"

"Shikamoo bibi. Ni Mwantumu, nimetumwa na Njeri."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi?"

"Tanga."

"Haya, kaa kitako, mtu wa Tanga."

Alikuwa kwenye mkeka, kijaluba chake cha tambuu pembeni. Nikamweleza habari yote, magadi na ukuta na sabuni, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. Halafu akafungua kikopo kidogo cha chokaa, nyeupe, laini, ya maji maji. Akasema ndiyo hiyo tu aliyobaki nayo, mjukuu wake humletea kutoka Unguja na hatarajii kuja karibuni. Nikaona haya hata kuomba.

"Huyo bibi mwenzangu kafiwa na nani?" akaniuliza.

"Na mumewe, bibi."

Alikunjakunja pindo la kanga yake, akalikunjua.

"Mimi eda yangu nzima sikujua ladha ya chumvi," akasema. "Walinilisha hivi hivi, kama mtoto. Chukua yote."

"Na wewe je, bibi? Tambuu lako?"

"Ntatafuna kavu. Toka wewe, yalla, kabla jua halijazidi kuwa kali."

Nikambusu mkono. Nilishuka zile ngazi nalia, na sioni aibu kuwaambia.

Alasiri nilikuwa jikoni. Bibi Lupe aliponusa kile kikopo aliketi kwenye kiti karibu na jiko, hakuinuka tena. Yeye ndiye aliyepima kijiko cha chokaa, yeye ndiye aliyenipiga kikofi nilipotaka kuongeza moto. Tuliyaacha mahindi yalale ndani ya maji yake hadi asubuhi.

Jumamosi tuliyaosha, maganda yakatoka yenyewe mikononi. Tukayasaga kwa mashine ya nyama, na donge likashikana vizuri, likanukia kama ardhi iliyonyeshewa. Bibi akaviringa kidonge, akakitandaza kwa viganja, pa, pa, pa, akakiweka kwenye kikaango kikavu. Kilipofura akakiinua kwa vidole bila hata kusema uuh. Akanyunyiza chumvi, akakikunja. Madam alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mdomo kwa mkono.

Bibi akaninyooshea mimi.

Nikakataa. Kwetu mpishi hatangulii mgonjwa, nyie wenyewe mnajua. Nikamrudishia mkono wake taratibu. Naye akatikisa kichwa, akanisogezea tena hadi mdomoni. Ikawa vuta nikuvute, mpaka madam akasema, "Mwantumu, tafadhali kula. Hatakula kabla yako."

Nikala. Chumvi, mahindi, moto, basi. Ndipo Bibi Lupe akajitengenezea yake, akaimaliza. Akala ya pili. Ya tatu alikula amemkumbatia bintiye, wote wawili wanalia na kutafuna. Jumatatu daktari alipokuja hakukuwa na habari ya mrija.

Jioni ile ile ya Jumamosi nilimpigia Bi Asha. Alipokea kwa furaha, kana kwamba tuliongea jana. Nilimwomba radhi kwa kunyamaza, nikamshukuru, kisha nikamuuliza kile nilichokuwa naogopa kukiuliza, mama alikula nini siku ile ya mwisho.

"Uji wa mchele," akasema. "Tena alinisumbua mama yako! Hakufungua mdomo mpaka nionje mimi kwanza. Alisema, 'Onja wewe, Asha, ndipo nijione nakula na mwanangu aliye mbali.'"