Saa Niliyomwambia Akaitupe Baharini

Ndugu yangu Hesbon Masha alikuwa dobi. Kwa miaka kumi na minane alifua na kupiga pasi nguo za wageni katika hoteli moja hapa Malindi, na mikono yake ilinukia sabuni hata siku ya Krismasi. Ukimpa shati, aliligeuza ndani nje kwanza akakagua mishono, ndipo akakumbuka kusema asante.

Alipenda saa za mkono. Nyingi zilikuwa zimekufa zamani. Mafundi wa sokoni walimwekea zile zilizowashinda, na wazee wa kwetu Ganda walimpa zilizowakalia kabatini. Hotelini hakuchukua hata moja. Hiyo ilikuwa kanuni yake, kwa sababu dobi akishukiwa mara moja hana kazi tena. Alizipanga ndani ya bati la biskuti, na kila Jumapili baada ya ibada alizitoa akazifuta mojamoja. Mkewe Kahonzi alimtania, "Baba Kabibi, saa arobaini, na kazini unachelewa!" Hesbon alicheka tu.

Mwaka ule wa korona hoteli ilifungwa. Akakaa nyumbani bila kazi, akaanza kuichezea cherehani ya Kahonzi. Alinunua mashuka makuukuu ya hoteli, akayachemsha na magome ya mkoko mpaka yakawa na rangi ya tofali, akashona mashati. Mfukoni mwa shati alishonea uso wa saa, mikanda ya ngozi akaigeuza vishikizo vya kola, na yale magurudumu madogo ya ndani akayatandaza kwenye pindo kama maua. Bwana harusi mmoja wa Mambrui alimwagiza kizibao. Baada ya harusi hiyo hata vijana wa Mtwapa wakawa wanampigia simu. Hoteli ilipofunguliwa alirudi kufua, na mwisho wa juma akashona.

Kuna jambo alilolifanya ambalo fundi mwingine asingelifanya. Madobi wa hoteli hushonea kila nguo kipande cha kitambaa chenye namba, kwa wino usiotoka majini, ili nguo isimpotee mwenyewe. Hesbon alifanya hivyo kwa saa. Nyuma ya kila saa aliyoishona alificha kitambaa kidogo chenye jina la aliyempa.

Mimi ni dada yake mkubwa. Nilipochaguliwa kuwa shemasi alinishonea gauni la siku ya shukrani, na kifuani akaweka saa kubwa ya kiume yenye uso wa manjano. Niliitambua pale pale. Nilimpa mwenyewe alipokuwa na miaka tisa, nikamwambia akaitupe baharini.

"Hukuitupa?"

"Dada, kitu kizima kile! Niliona dhambi." Akaipapasa kwa kidole. "Ndiyo iliyonianzisha hii. Lakini si umependeza?"

Nilikuwa nimependeza. Nikalivaa.

Baada ya ibada Mama Gladys alinisimamisha mlangoni. Ni mjane, mwenyekiti wa akina mama, mtu ambaye kanisa zima humsikiliza. Alikitazama kifua changu, akasogea karibu.

"Mama Lewa, hii saa umeipata wapi? Mume wangu alipoteza saa kama hii hotelini, siku ya mkutano wa walimu. Hoteli ile ile anakofua ndugu yako."

Akina mama wote wakageuka. Nilitakiwa kusema maneno matatu: saa ni yangu. Lakini wangeniuliza nimeipata wapi, na saa ile nilipewa na Mwitaliano. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, nauza aiskrimu mjini. Aliivua mkononi mwake akanivisha, na hakunipa bure. Baadaye niliokoka, nikaolewa, na hakuna aliyewahi kujua.

"Sijui, Mama Gladys," nilisema. "Nimeshonewa tu."

Nikajitanda leso kifuani, nikaondoka.

Kufikia Jumatano habari zilikuwa zimefika hotelini. Hawakumfukuza. Walimtoa kwenye nguo za wageni wakampa mataulo ya bwawa la kuogelea, yeye aliyekuwa akikabidhiwa hata hariri. Vijana wa bodaboda walimpigia kelele stendi: "Masha! Leo umemvua nani?" Walionunua mashati yake wakayavua wakayaficha.

Alikuja kwangu Jumamosi ile, akakaa kwenye mkeka. Hakugusa chai.

"Dada, wewe unajua saa ile si ya mume wa Mama Gladys."

"Najua."

"Basi?"

"Hesbon, mimi ni shemasi."

"Na mimi ni mwizi?" Alicheka kidogo, akaacha. "Sikuulizi uliipata wapi. Sijawahi kukuuliza. Sema tu kwamba ni yako, mengine waache wayatafute wenyewe."

"Nipe muda. Nitasema."

"Haya, dada." Akainuka, akaitikia salamu za watoto, akaenda zake.

Nilikaa na muda huo miezi saba. Kila Jumapili nilijiambia ni leo. Nilishika sahani ya sadaka mbele ya watu nikijua kwamba kiti changu kimekalia jina la ndugu yangu. Niliisoma habari ya Petro uani kwa kuhani mkuu, nikaifunga Biblia, kwa sababu Petro alitoka nje akalia usiku ule ule, na mimi sikulia.

Machi ilipofika, nikiwa bado sijasema, Hesbon alianguka kati ya mataulo. Daktari alisema ni presha. Siwezi kusema ni maneno yaliyomuua, Mungu ndiye ajuaye. Ninachojua ni kwamba alizikwa akiitwa mwizi, na mimi niliongoza wimbo kaburini.

Siku ya kuondoa matanga, nguo za marehemu hutandazwa mkekani na kila jamaa hupewa moja. Kahonzi alizitoa zote, na yale mashati ya saa ambayo hayakununuliwa. Nami nilikuwa na mfuko. Ndani yake mlikuwa na lile gauni, na nia yangu ilikuwa nilichomeke kwenye lundo kimyakimya, liende na mtu wa mbali. Ndiyo niliyokusudia hata siku hiyo.

Suruali zilichukuliwa, na koti. Ikafika zamu ya mashati, mikono yote ikarudi mapajani. Binamu yetu Mwambire aliinua moja kwa ncha za vidole.

"Nikivaa hili mjini si nitakamatwa mimi?"

Watu wakacheka. Kabibi, binti wa marehemu mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa amekaa pale pale ukingoni mwa mkeka. Aliliinamia lundo akaanza kuyakunja mashati ya babake, kola juu, mikono nyuma, kama alivyofundishwa.

Nikasimama. Nilitoa gauni, nikaomba wembe, nikaifumua saa mbele yao. Nyuma yake kulikuwa na kitambaa chenye mwandiko wa Hesbon wa wino mweusi: *Ya dada. Si ya kuuza.*

"Saa hii ni yangu," nilisema. "Nilipewa na mwanamume, Mwitaliano, kabla sijaolewa, na nyote mnaelewa kwa nini alinipa. Nilimpa Hesbon akaitupe. Hakuiba. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikamwacha."

Mama Gladys aliomba aione. Aliigeuza, akaitazama mgongo kwa muda mrefu.

"Ya marehemu ilichongwa jina lake hapa nyuma," alisema polepole. "Hii haina kitu."

Kama ningeivua siku ile mlangoni mwa kanisa, dakika moja ingetosha.

Hakuna aliyenitukana, nami nilitamani wanitukane. Mama Gladys alichukua shati akalikumbatia. Mwambire alivua lake akavaa lile alilolicheka. Kahonzi aligawa mpaka mkeka ukabaki mtupu, akiwataja jamaa kwa majina, akaniruka. Nilipomtazama alisema bila hasira:

"Wewe, wifi, ulishapewa chako."

Mchungaji ameniambia nipumzike ushemasi, nami sikubisha. Saa nimeirudisha kwenye gauni kwa mkono wangu, na kitambaa chake nyuma. Mishono yangu imepinda, Hesbon angeifumua. Jumapili hulivaa gauni hilo kwenda kanisani, nikakaa viti vya nyuma. Watu hunitazama kifuani, na wapo wasiojua ambao huniuliza saa hiyo ni ya nani.

Nawaambia.